Friji la mtumba la A+ au jipya la inveta? Hesabu ya nyumba moja ya Tanga

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi ni mwalimu, naishi Tanga, nyumbani tuko watu sita. LUKU inatumaliza: uniti sita kwa siku, na wala hatuna AC. Friji letu tulilinunua mtumba miaka mingi iliyopita na sasa linanguruma usiku kucha. Nimezunguka madukani nikabakiwa na mawili. La kwanza ni mtumba wa Ulaya, lina stika ya A+, laki nne na themanini. La pili ni jipya, la inveta, lita 250, milioni moja na elfu hamsini. Mume wangu anasema tuchukue la mtumba, halafu hiyo laki tano na sabini inayobaki tuanzie kununua AC ya chumbani. Vitu vingine tulivyo navyo ni TV ya inchi 43 na king'amuzi chake, pangaboi mawili, pasi, taa, na dispensa ya maji ya moto na baridi. Tunapikia gesi. Nichukue friji lipi, na nibadilishe nini kingine?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Chukua jipya. Lakini sababu yangu siyo ile atakayokupa muuzaji, na ukilinunua kwa sababu yake utakuja kunilaumu. Atakwambia inveta, ile yenye kompresa isiyokimbia kwa nguvu zote muda wote, inakula umeme kidogo, hela yako itarudi upesi. Kwa bei unayolipia umeme sasa, hairudi upesi hata kidogo. Nitakuonyesha.

Kwanza hiyo stika ya A+, alama ya Ulaya ya ubanaji wa umeme. Ukiisoma kama mwalimu, A yenye kujumlisha ni mwanafunzi bora. Kwenye mafriji ya Ulaya mambo yalikuwa kinyume. Julai 2012 Umoja wa Ulaya ulizuia mafriji mapya ya daraja la A kushuka chini yasiingizwe sokoni. Yakabaki A+, A++ na A+++. Kwa hiyo kuanzia mwaka ule A+ ndiyo ilikuwa ya mwisho darasani, iliyopenya kwenye mtihani kwa nywele. Tarehe 1 Machi 2021 wakafuta kabisa hizo alama za kujumlisha na kuanza upya, A mpaka G, na masharti yakawa magumu zaidi. Mafriji mengi yaliyokuwa yakiitwa A+ yakipimwa leo huangukia F au G. Kwa hiyo stika hiyo inakwambia mambo mawili: friji lilitengenezwa kabla ya 2021, na kama ni la baada ya Julai 2012, hata lilipokuwa jipya halikuwa la kujivunia. Na usishangae ukikuta friji jipya lenye herufi E linakula kidogo kuliko lile la A+. Vipimo siyo vile vile.

Ndiyo maana mimi siangalii herufi wala nyota. Zile nyota moja mpaka tano za Kenya, ambazo huenda ukazikuta hapo Tanga kwenye bidhaa zilizopitia Horohoro, zina maana pale tu unapolinganisha vitu vya aina moja na ukubwa unaokaribiana. Za India nazo zina mwaka umeandikwa, kwa sababu viwango vyao hupandishwa kila baada ya muda, na nyota tano za zamani siyo nyota tano za leo. Kitu cha kutafuta kwenye lebo ni namba ya kilowati-saa kwa mwaka, inayoandikwa kWh. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, hakuna kubadilisha chochote. Igawe kwa 365, unapata uniti za siku.

Tuseme la inveta limeandikwa 215. Ukigawa unapata 0.59 kwa siku. Lakini maabara siku hizi hupima kwenye vyumba vya nyuzi 16 na 32, kisha huchanganya majibu, na Tanga hakuna chumba cha jiko chenye nyuzi 16 hata usiku wa Julai. Mimi huongeza theluthi moja kwa nyumba za pwani. Inakuja 0.8, yaani uniti 24 kwa mwezi. La A+ la ukubwa huo, tuseme limeandikwa 290: ni 0.79, ongeza theluthi, inakuwa 1.06 lilipokuwa jipya. Sasa ni zee. Mpira wa mlango umekakamaa, na lile povu lililo ndani ya kuta zake limepoteza uwezo wa kuzuia joto, jambo ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Weka 1.4 kwa siku, yaani 42 kwa mwezi.

Tofauti ni uniti 18 kwa mwezi. Wewe kwa matumizi yako uko kundi la bei la TANESCO liitwalo T1, shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT na tozo inafika kama 356. Kumi na nane mara 356 ni kama shilingi 6,400 kwa mwezi. Laki tano na sabini gawa kwa hizo: miezi 89. Miaka saba na zaidi! Mumeo angeiona hesabu hii angesema, si nilikwambia?

Na angekuwa sahihi, kama friji ndiyo kitu pekee utakachobadili.

Kuna mlango ambao watu wengi wa T1 hawauangalii. Wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, yaani wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, wana kundi lao, D1. Bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo ni kama 122. Uniti zinazozidi 75 hulipiwa 350, ukiweka kodi ni kama 427. Soma tena hapo: 356 dhidi ya 122. Nyumba inayotumia uniti 80 ikiwa T1 inalipa kama 28,500. Nyumba inayotumia 74 ikiwa D1 inalipa kama 9,000. Uniti sita tu katikati yao, na bili ni mara tatu. Hakuna friji duniani, liwe la inveta ama la dhahabu, linaloweza kukuokolea hela kama kuvuka mlango huo.

Kwa hiyo swali lako nimeligeuza: je, nyumba ya watu sita inayotumia uniti 180 inaweza kushuka chini ya 75 bila watoto kulala kwenye joto? Kwa vifaa ulivyonitajia, makisio yangu ni haya. Friji la zamani 60 kwa mwezi. Dispensa 40. Pangaboi mawili ya wati 70, saa nane kila usiku, 34. Taa 12, hasa ile ya nje inayokesha. Pasi 10, TV 10, king'amuzi 9, simu na vingine 5. Jumla 180, ndizo sita zako za kila siku.

Usiniamini hivi hivi. Jumamosi mnapotoka nyumbani kwa muda mrefu, zima kila kitu kwenye soketi, acha friji peke yake. Andika uniti zinazosomeka kwenye mita, rudini baada ya saa sita, soma tena, zidisha tofauti kwa nne. Hilo ndilo tumbo halisi la friji lako kwa siku. Kwa vifaa vingine tumia taa nyekundu inayopepesa kwenye mita. Pembeni yake pameandikwa, kwa mfano, 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara elfu moja uniti moja imekwisha. Washa kifaa kimoja tu, hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, unapata wati. Mita yako ikiwa imeandikwa namba nyingine, zidisha mipepeso kwa 60,000 kisha gawa kwa namba hiyo. Wape watoto kazi hiyo, wataipenda kuliko wewe. Na usipime matumizi kwa kuangalia shilingi ulizonunulia, maana kwenye LUKU kuna kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi, na siku inapokatwa utadhani mita imekuibia.

Sasa dispensa. Hapa ndipo nilipokunja uso niliposoma swali lako. Watu wanaogopa pasi kwa sababu imeandikwa wati 1,000, na dispensa wanaipita kwa sababu iko kimya. Lakini dispensa huchemsha maji usiku wa manane wakati hakuna mtu wa kuyanywa, yanapoa, inayachemsha tena; na sentimita ishirini chini yake, ndani ya sanduku hilo hilo, inapoza mengine. Ni kama kuwasha jiko na friji vitazamane. Swichi ya maji ya moto iko nyuma, mara nyingi nyekundu. Ukiizima hiyo pekee umeokoa sehemu kubwa. Mimi ningeiondoa yote: maji ya kunywa yakae kwenye chupa ndani ya friji, ya chai yachemshwe kwa gesi na kuwekwa kwenye chupa ya chai. Uniti 40 zimekwenda, na hujatoa hata shilingi.

Hiyo hofu ya wati inapotosha hata kwenye king'amuzi. Wati 12 hivi, nani atakihofia? Lakini kinakaa saa 24, na kukizima kwa rimoti hakukizimi. Kile kitaa kinabadilika rangi tu. Wati 12 kwa mwezi mzima ni karibu uniti tisa, karibu sawa na pasi yako yenye wati elfu moja. Pasi inatumika nusu saa, na hata katika hiyo nusu saa inajizima na kujiwasha yenyewe ikishapata moto. Zimia king'amuzi ukutani na hizo tisa zinabaki tatu. Nguo za shule na za kazi za wiki nzima zikipigwa pasi kwa mkupuo mmoja Jumapili, pasi inashuka mpaka nane.

Mapangaboi ndiyo kitu cha pili, baada ya friji, ninachokushauri ununue kipya. Yale ya kawaida hula wati 70 au zaidi kidogo. Siku hizi kuna yenye mota ya BLDC, yaani isiyo na brashi, mengi huja na rimoti, hula kama wati 30 kwa upepo ule ule, na yana faida kwamba kwenye kasi ndogo hula wati chache sana, tofauti na yale ya zamani. Mawili yakibadilishwa, 34 inakuwa 14. Dukani mwambie muuzaji akuonyeshe wati zilizoandikwa kwenye mota yenyewe, siyo kwenye boksi. Taa ya nje badili kwa LED ya wati tisa, taa zote zinashuka mpaka nane, tumemaliza habari ya taa.

Jumlisha upya: friji la inveta 24, pangaboi 14, TV 10, taa 8, pasi 8, simu na vingine 5, king'amuzi 3. Sabini na mbili.

Jaribu kuweka friji la mtumba mahali pa lile la inveta: tisini. Umefanya kazi yote, umetoa dispensa, umebadili mapangaboi, na bado uko nje ya mlango. Uniti 90 za T1 ni kama shilingi 32,000 kwa mwezi. Uniti 72 za D1 ni kama 8,800. Tofauti inakaribia 23,300 kila mwezi, na laki tano na sabini yako inarudi kwa miaka miwili na mwezi, siyo saba. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukwambia uchukue jipya.

Kuhamia D1 hakuji kwenyewe siku utakaposhuka. Kaa miezi kadhaa chini ya 75, kisha nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, omba. Wanayo historia ya manunuzi yako yote. Ukishaingia, mwezi mmoja wa wageni ukikufikisha 80 hautakuumiza sana, utalipa zile tano za juu kwa bei kubwa. Tatizo ni wastani kupanda ukabaki juu.

Kabla hujatoa hela kwa friji jipya, fungua mlango, tazama kibati kilichoko ndani, mara nyingi karibu na droo ya mboga. Tafuta herufi za hali ya hewa. N ni friji lililotengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST mpaka 38, T mpaka 43. Hapo pwani nunua ST au T, basi. Hili nimelijifunza kwa hela yangu. Zamani, kabla sijaanza kusoma vibati, nilinunua friji zuri la milango miwili la mtumba, nikalibeba kwa mbwembwe mpaka nyumbani. Lilikuwa la N. Juni na Julai halikuwa na neno. Ilipofika Februari kompresa ikawa haizimi, asubuhi mpaka asubuhi, maziwa yanaganda kuwa mtindi humo humo ndani, na mke wangu ananiuliza kama kweli mimi ni injinia.

Uliza pia kama ni lile linaloyeyusha barafu lenyewe. Yale yana hita ndogo ndani inayowaka mara kwa mara kuyeyusha barafu, na feni juu yake. Ni raha, lakini kwa ukubwa ule ule lile linaloganda, la kuyeyusha mwenyewe mara moja kwa mwezi, aghalabu hula kidogo na bei yake ni nafuu zaidi. Ukipata la inveta la aina hiyo kwa laki nane au tisa, usilione duni. Ukubwa nao usiuongeze. Lita 250 kwa watu sita wanaokwenda sokoni kila siku mbili zinatosha kabisa. Friji kubwa nusu tupu ni kupoza hewa.

Neno lenyewe inveta lisikupagawishe. Maana yake ni kwamba kompresa inaweza kwenda taratibu. Ya kawaida inajua mambo mawili tu, kukimbia kwa nguvu zote au kusimama, na kila inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Ya inveta hukaza mwendo ukifungua mlango na kuweka sufuria ya uji, kisha hupunguza. Udhaifu wake uko kwenye bodi, ile saketi inayoiendesha. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo huiua, na bodi mpya si hela ya mchezo. Kwa hiyo ongeza bajeti ya kigadi cha friji, kile kinachosubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuruhusu upite. Bila hicho, afadhali usinunue inveta.

Kuhusu AC, nitasema kwa heshima yote kwa baba mwenye nyumba, maana joto la Tanga la Machi nalijua. Chumba cha mita tatu kwa nne kinahitaji AC ya BTU 9,000, kipimo cha nguvu yake ya kupoza. Ukipata ya inveta, ukaiweka nyuzi 26, madirisha yakafungwa vizuri na pangaboi likazunguka taratibu, itakula uniti tatu hivi kwa usiku wa saa nane. Tisini kwa mwezi. Peke yake imeshapita mlango, na nyumba nzima inarudi T1: hizo 90 na zile 72, uniti 162, kama 57,700 kwa mwezi. Kwa hiyo bei ya AC kwenu siyo ile ya dukani tu. Ni karibu shilingi elfu hamsini kila mwezi juu ya ile bili mpya ya elfu tisa. Kama mnaimudu na mnaitaka, itakeni kwa macho wazi, lakini msiinunue kwa hela ya kulipunja friji. Kwanza kagueni dari: kama chumba kina bati tupu bila dari, hakuna AC itakayowatosha, na dari lenyewe huenda likamaliza ugomvi.

Mwisho ni lile friji linalonguruma. Najua mnachofikiria: lihamie ukumbini, liwe la soda na maji ya wageni. Nimeona nyumba nyingi zikinunua friji la kubana matumizi na kuishia na mafriji mawili, LUKU ikapanda badala ya kushuka. Zile uniti 60 zitakuwa bado zipo, mmeziongezea 24 tu. Lipimeni Jumamosi kama nilivyosema. Kama litaonyesha chini ya uniti moja kwa siku, basi makisio yangu si ya nyumba yenu; vumbi la mabomba ya nyuma lifutwe, mpira wa mlango ubadilishwe, likae sentimita kumi kutoka ukutani, na msinunue friji lolote mwaka huu. Mpira unaupima kwa noti: fungia noti ya elfu moja mlangoni, ivute, ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka hapo hapo. Likionyesha mbili, muuzieni fundi anayetaka vipuri, tena akija alivute gesi yake kwa mashine, asikate bomba barazani kwenu watoto wakiangalia.